Riba Imeshuka, Tukomboane

Wenzangu wenye akiba, na nyinyi wenzangu wenye madeni, nawasalimu pamoja kwa sababu wengi wetu tumo katika makundi yote mawili. Mtu ana hela kidogo kwenye sacco, ana mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, na jioni akitaka kununua unga anakopa kwenye simu. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13. Kuanzia Agosti mwaka huo ikageuka na kuanza kuishusha kikao baada ya kikao: 12.75, kisha 12, kisha 11.25, na kuendelea, hadi Disemba 2025 ikafika asilimia 9. Wenye dhamana za serikali waliliona hilo mapema kuliko wengine. Dhamana ya siku 91 iliyokuwa ikilipa karibu asilimia 16 katikati ya 2024, mwaka mmoja baadaye ilikuwa inalipa karibu 8. Hazina za soko la fedha, ambazo watu wengi walijiunga nazo wakati mambo yalipokuwa mazuri, nazo zikafuata njia hiyohiyo. Aliyekuwa akijisifu kazini kwamba pesa zake zinazaa akiwa amelala sasa amenyamaza.

Kwa mwenye mkopo wa benki, habari hii ni njema. Swali ni kama imemfikia.

Mikopo mingi ya benki hapa kwetu ni ya riba inayobadilika, na mkataba unasema hivyo kwenye kurasa ambazo hatukuzisoma. Riba ilipokuwa ikipanda, ujumbe ulikuja mbio: "Ndugu mteja, kutokana na mabadiliko ya soko, riba ya mkopo wako itakuwa..." Ilipoanza kushuka, ujumbe ulichelewa. Hayo si manung'uniko ya wateja peke yao. Februari 2025 Benki Kuu yenyewe ilitangaza kwamba itatuma wakaguzi kwenye benki na kuzitoza faini zile zisizowapunguzia wateja. Wastani wa riba ya mikopo ulikuwa asilimia 17.2 mnamo Novemba 2024, na mwaka mmoja baadaye ulikuwa karibu 15. Riba ya msingi ilikuwa imeshuka kwa karibu pointi nne, nasi tukapata mbili.

Basi nenda kaulize. Usipige simu, nenda, na ukiweza nenda asubuhi ya siku ya kazi kabla foleni haijajaa. Uliza riba ya mkopo wako leo ni ngapi, imefungwa na kipimo gani, na ilibadilishwa mara ya mwisho lini. Omba majibu kwa maandishi pamoja na jedwali jipya la malipo. Kuanzia Septemba 2025 mikopo mipya ya riba inayobadilika ilianza kupangiwa bei kwa utaratibu mpya unaofuata kipimo cha pamoja cha soko, na juu yake benki huongeza sehemu inayolingana na hatari ya mteja. Mikopo ya zamani ilipewa hadi mwisho wa Februari 2026 kuhamia huko. Kwa hiyo una haki ya kujua unahesabiwa kwa utaratibu upi, na kile kiasi kilichoongezwa juu yako wewe ni kipi. Kama umelipa miaka mitatu bila kuruka mwezi, liseme hilo mezani. Afisa wa mikopo hatalisema kwa niaba yako.

Tuingie kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo pesa hupotea. Chukua mkopo wa Sh1 milioni wa miaka mitano. Kwa riba ya asilimia 17.2 utalipa karibu Sh24,960 kila mwezi. Kwa riba ya 15 utalipa karibu Sh23,790. Tofauti ni Sh1,170, na hizo ni rahisi sana kumezwa na nyama choma na kifurushi cha data bila mtu kujua zimekwenda wapi. Lakini ukiendelea kulipa zile Sh24,960 za zamani ilhali riba ni 15, unamaliza deni miezi minne mapema na kuokoa zaidi ya Sh30,000 ambazo zingekwenda kwenye riba. Kwa hiyo ukifika benki, waombe wakupunguzie miezi, wasikupunguzie malipo ya kila mwezi. Benki nyingi zitakufanyia kinyume usiposema.

Aliyekuwa amebanwa hadi anakopa nauli, huyo achukue nafuu ya kila mwezi na apumue. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yazidi theluthi mbili ya mshahara, lakini kuna watu wamefika ukingoni kabisa wakaanza kujazia pengo kwa mikopo ya pembeni isiyoonekana kwenye hati ya mshahara. Kwa hao, Sh1,170 ni chakula cha watoto.

Kuna ujumbe mwingine ambao hauchelewi hata siku moja. "Hongera! Umestahiki nyongeza ya mkopo." Huja hasa wakati deni limebaki nusu, na riba ikishuka huja na maneno matamu zaidi: malipo yako yatabaki yaleyale, na utapata laki mbili mkononi. Ni kweli, malipo yatabaki yaleyale. Kinachobadilika ni kwamba saa inarudishwa mwanzo. Unalipa tena ada ya kuandaa mkopo, unalipa tena bima, na ile miaka ya mwanzo ambayo sehemu kubwa ya malipo yako huliwa na riba unaianza upya. Najua walimu na askari waliostaafu wakiwa bado wanalipa mkopo waliouchukua ujanani, kwa sababu haukuwahi kuisha, ulikuwa ukiongezwa tu. Kama una shamba la kulipia au ada ya chuo ya mtoto, hilo ni jambo la kujadiliwa nyumbani kwa utulivu. Lakini usikope kwa sababu ujumbe umekuambia hongera.

Na tusijidanganye kwamba riba ikishuka imeshuka moja kwa moja. Aprili 2020 riba ya msingi iliteremshwa hadi asilimia 7, ikakaa hapo hadi Mei 2022. Walionunua magari na nyumba wakati ule walipiga hesabu zao kana kwamba ndiyo hali ya maisha. Chini ya miaka miwili baadaye ilikuwa 13. Nahodha aliyeingia Mombasa na kaskazi alijua kusi ipo njiani, ndiyo maana alitazama matanga mapema. Anayekopa leo kwa miaka saba atavuka misimu yote miwili, hivyo apige hesabu yake kwa riba iliyo juu ya ya leo kwa pointi nne. Akiona mshahara bado unabeba, akope. Ukishindwa kubeba, apunguze mkopo au asubiri.

Kwa ndugu zangu Waislamu wanaokwepa riba na kutumia benki zinazofuata sheria ya Kiislamu, jambo moja tu. Kwenye murabaha, faida ya benki hupatanwa siku ya mkataba na haiongezeki baadaye. Hiyo ni kinga nzuri soko linapopanda. Soko likishuka, bei yako haishuki nalo. Kwa hiyo wakati wenu wa kupatana ni kabla ya kutia sahihi, na sasa ambapo pesa imekuwa rahisi mjini msione haya kupatana kwelikweli.

Nimezungumzia benki kwa kirefu, ilhali sehemu kubwa ya watu wetu deni linalowauma haliko benki. Kati ya 2016 na 2019 tulikuwa na sheria iliyozuia benki kutoza zaidi ya pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu. Tulishangilia. Kisha benki zikawafungia mlango wenye vibanda na wenye biashara ndogo, zikaona heri kuikopesha serikali, na hao waliofungiwa mlango wakaenda kwenye simu na kwa washailoki, wale wakopeshaji wa mitaani. Sheria ile ikaondolewa Novemba 2019. Mikopo ya simu ikabaki.

Mfikirie mama muuza nyanya pale soko la Kongowea, Mombasa. Saa kumi na moja alfajiri lori linashusha, bei ya kreti inapatanwa kwenye mwanga wa kurunzi, na asiye na hela mkononi anaachwa na wenzake. Anakopa Sh3,000 kwenye simu. Tuseme ada ni asilimia 7.5 kwa mwezi, yaani Sh225. Anauza, analipa mwisho wa mwezi, na usiku uleule anakopa tena zilezile 3,000 kwa sababu kesho kuna lori jingine. Afanye hivyo mwaka mzima, atakuwa amelipa Sh2,700 kwa ajili ya kutumia Sh3,000, na hizo 3,000 bado si zake. Benki Kuu ishushe riba hadi 9 au hadi 5, Sh225 zake hazitikisiki. Wanaotangaza redioni kwamba mikopo imekuwa nafuu hawamsemi yeye.

Angalau tangu 2022 kuna kanuni zinazowataka wakopeshaji wa simu wawe na leseni ya Benki Kuu, na zinawakataza kumpigia mama mkwe wako au bosi wako ili kukuaibisha. Benki Kuu huchapisha orodha ya waliopewa leseni. Aliyemo kwenye orodha na akakuaibisha, mshtaki. Asiyekuwemo, usimpe hata ruhusa ya kuona namba zilizo kwenye simu yako.

Sasa niwageukie wenye akiba, maana nao wana kishawishi chao. Katikati ya 2024, mtu aliyeweka pesa kwenye dhamana ya serikali kwa asilimia 16 alikatwa kodi ya asilimia 15 ya faida, akabaki na kama 13.6. Mfumuko wa bei ulikuwa juu kidogo ya 4, hivyo pesa yake ilikua kwelikweli kwa pointi tisa hivi. Mwaka mmoja na ushei baadaye, kwa asilimia 8, baada ya kodi alibaki na 6.8, na mfumuko wa bei ukiwa karibu 4.6, faida halisi ni pointi mbili. Si hasara. Lakini mtu aliyezoea tisa akipewa mbili huanza kutafuta mahali pengine, na wapo wanaomsubiri.

Tuna kumbukumbu mbaya ya jambo hili. Katika miaka ya 2006 na 2007, miradi ya piramidi iliyoahidi faida za ajabu ilizoa zaidi ya Sh8 bilioni za Wakenya, nyingine zikikusanywa makanisani mchana kweupe. Watu waliuza ng'ombe. Ukiona mtu anakuahidi asilimia 5 kwa mwezi wakati serikali yenyewe katikati ya 2025 ilikuwa ikilipa karibu 8 kwa mwaka mzima, usimwulize anaifanyaje. Ondoka.

Hata sehemu zilizo halali zinataka macho. Amana ya benki inalindwa hadi Sh500,000 kwa kila mwekaji endapo benki itaanguka. Hazina ya soko la fedha husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, lakini haina kinga hiyo. Na sacco, tunazozipenda kama mama, tuliona mwanzoni mwa 2025 ripoti ya ukaguzi wa kina kuhusu Kuscco, muungano ambao sacco nyingi ziliweka pesa zake humo: zaidi ya Sh13 bilioni zilikuwa na maswali. Mkutano wa mwaka wa sacco yako ukiitishwa, usiende kwa ajili ya soda na nauli. Simama uulize pesa zetu zimewekwa wapi, na huu mgao mnaotutangazia unatoka kwenye riba ya mikopo yetu wenyewe au unatoka wapi. Mgao ukibaki juu wakati kila kitu kimeshuka, wanachama ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kushangaa.

Hata hivyo, kwa mkopo, sacco bado hushinda wengi. Uone tofauti ya namna ya kuhesabu, maana asilimia peke yake hudanganya. Sacco ikikukopesha Sh100,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi ya salio linalopungua, ukarejesha kwa miezi 12 kwa mafungu sawa ya mtaji, riba yote ni Sh6,500. Mwingine akikupa Sh100,000 kwa "asilimia 12 tu kwa mwaka", lakini akahesabu juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, riba ni Sh12,000. Wote wawili watakuambia ni asilimia 12. Uliza swali moja: mwisho wa yote nitakuwa nimerudisha shilingi ngapi?

Na hapa niseme la wadhamini. Saa ya chai kazini, mwenzako anakuja na fomu imekunjwa nne, anacheka, anasema ni sahihi tu. Si sahihi tu. Akiba yako imefungwa hadi amalize, na akikimbia utakatwa wewe. Riba zinaposhuka fomu hizi huongezeka. Muulize anakopa ya nini na atalipaje. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Karibu kila mmoja wetu yuko kwenye chama: cha akina mama wa mtaa, cha ukoo, cha waliosoma pamoja, cha waendesha bodaboda wa steji moja. Vyama hivi vina pesa. Riba zilipokuwa juu, wenye busara walitoa pesa kwenye mzunguko wakaziweka kwenye dhamana za serikali na hazina za soko la fedha, na walifanya vizuri. Sasa pesa hizohizo zinaleta nusu ya zilichokuwa zikileta. Wakati huohuo, ndani ya chama hichohicho, kuna wanachama wanaolipa ada ya simu kila mwezi kimyakimya, kwa sababu deni la simu halina mdhamini wala shahidi na mtu analibeba peke yake.

Tuseme chama chenu kina watu 20 na akiba ya Sh200,000. Tuseme kumi kati yenu mna madeni ya simu ya Sh5,000 kila mmoja. Hizo ni Sh50,000. Kwa ada ya asilimia 7.5, kila mwezi Sh3,750 zinatoka mifukoni mwa wanachama wenu kwenda nje, na katika miezi sita ya kukopa na kulipa na kukopa tena ni Sh22,500. Chama kikichukua Sh50,000 kikayalipa madeni hayo yote kwa siku moja, kisha wanachama wakarudisha kwa miezi sita kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi ya salio linalopungua, chama kitapata riba ya Sh1,750. Pesa hizohizo zikikaa miezi sita mahali panapolipa asilimia 8, baada ya kodi zingeleta Sh1,700. Chama hakipotezi kitu, na wanachama kumi wanabaki na zaidi ya Sh20,000 ambazo zingeondoka mtaani.

Mwaka 2024 hesabu hii ilikuwa ngumu kuitetea. Mweka hazina angesema, na angekuwa na haki, kwamba serikali inalipa 16 na haina visingizio. Leo hana hoja hiyo.

Ana hoja nyingine, na ni nzito: watu hawalipi. Kila chama kina kisa cha mwanachama aliyekopa akahamia mji mwingine. Kwa hiyo wekeni masharti. Mwanachama akombolewe kwa kiasi kisichozidi michango yake mwenyewe. Chama kilipe deni moja kwa moja kwa mkopeshaji, pesa zisipite mkononi mwa mtu. Mkopeshaji akishalipwa, mwanachama aonyeshe simu na programu ya mkopo ifutwe mbele ya mweka hazina. Yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao na kwenye katiba ya kikundi, hasa kama mmesajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022. Na mwanachama aliye kama yule mama wa nyanya abakiziwe mtaji mdogo wa alfajiri, la sivyo lori la kesho litamrudisha palepale.

Mwenyekiti aanze yeye. Kwenye vyama vingi nilivyoviona, mwenye deni la simu ambaye hakuna anayemdhania ni mmoja wa viongozi, na wanachama hawatafungua midomo mpaka mtu wa mbele afungue wake. Msifanye mkutano wa kuungama. Karatasi ndogo zisizo na majina, kila mmoja aandike anadaiwa kiasi gani na analipa ada gani kwa mwezi, zikusanywe kwenye kikapu, zijumlishwe, na jumla isomwe. Nadhani jumla hiyo itafanya kazi kuliko hotuba yoyote.

Riba zitapanda tena, na zikipanda serikali itaanza tena kuvutia pesa za vyama vyetu. Nafasi iko sasa. Kikao chenu kijacho kikifika kwenye mengineyo, kabla watu hawajaanza kutafuta viatu, inua mkono uombe karatasi zigawanywe.